Aliyekufa Kijana, Tumkumbuke Vipi?

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, tangu Lamu hata Kilwa, yuko mtu mmoja aliyekufa kijana. Huenda ni ami yako aliyezama, au khalati yako aliyefariki katika uzazi wa kwanza, au kaka aliyeondoka kwa homa ya siku tatu. Wewe hukumdiriki. Lakini umelelewa naye, kwani haupiti mwezi ila jina lake litatajwa. Mtoto akijibu ovyo huambiwa, "Marehemu hakuwa hivi." Mtoto akifaulu chuoni huambiwa, "Huyu amemrithi marehemu." Na mtoto wa kiume wa kwanza kuzaliwa baada yake akapewa jina lake, na pamoja na jina akabebeshwa sifa ambazo hakuna mwana wa Adamu awezaye kuzibeba.

Jambo ninalotaka tulitazame pamoja ni hili: huyu tunayemtaja ni nani? Ni yule mtu mwenyewe, aliyekula na kunywa, akakasirika, akakopa na akaahidi, au ni mtu mwengine tuliyemtunga sisi baada ya kumzika? Na kama ni wa kutunga, je, kuna ubaya gani? Maana wako watakaosema, "Maiti ameshakwenda zake, wawacheni waliobaki wajiliwaze."

Tazama kwanza kwa nini jambo hili huwapata zaidi waliokufa vijana. Mzee wa miaka themanini akifa huwa amekwisha kujulikana. Wako waliomdai na aliowadai, wako waliosoma kwake, wako waliogombana naye kwa mpaka wa shamba, na wake zake na watoto wake kila mmoja ana habari zake. Ukitaka kumgeuza malaika, watakukatalia mashahidi kumi kabla hujamaliza kunywa kahawa. Lakini kijana wa miaka ishirini na mbili ameacha nini? Kanzu mbili, kofia, picha moja ikiwapo, na maneno machache. Mahali pakubwa pamebaki patupu, na mapenzi ya mama hayawezi kustahamili utupu. Basi tunapajaza. Wala sisemi kuwa watu hufanya hivyo kwa kusudi la uwongo. Hufanya kwa mapenzi, na jambo linalofanywa kwa mapenzi ni gumu zaidi kulikosoa.

Sasa sikiliza habari ambayo wengi wetu tumeisoma katika mlango wa Sala ya kupatwa kwa jua, tukaishia kwenye hukumu za rakaa na tusitazame kilichomo ndani yake. Mtume s.a.w. alikuwa na mwana akiitwa Ibrahim, mamake ni Bibi Mariya wa Misri. Alizaliwa mwaka wa 8 wa Hijra, akafa mwaka wa 10 hajatimiza miaka miwili. Mtume s.a.w. alimpakata hali anakata roho, na machozi yakamtoka. Abdurrahman bin Auf alipostaajabu kumwona akilia, alimfahamisha kuwa hiyo ni rehema, na kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, lakini ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola. Na siku ile ile jua likapatwa. Wanazuoni wa falaki wa zama zetu wamehesabu wakaona kuwa kupatwa huko kulikuwa tarehe 27 Januari 632.

Fikiri hali ilivyokuwa. Jua limepatwa mchana, na mtoto wa Mtume amekufa siku hiyo hiyo. Watu wakasema, bila ya kuambiwa na mtu, kuwa jua limepatwa kwa sababu ya kifo cha Ibrahim. Ni nani angeliwalaumu? Na ni baba gani mwenye msiba mbichi asingelipata faraja kusikia kuwa mbingu zimemlilia mwanawe? Angelinyamaza tu ingelitosha, na uvumi ule ungelikuwa hadithi ya kusimuliwa mpaka leo. Lakini hakunyamaza. Alisimama akasalisha, kisha akawaambia watu kuwa jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake.

Mimi nimekuwa nikisomesha habari hii zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka huniingia zaidi. Machozi aliyakubali, utukufu wa kuzushwa akaukataa, na aliukataa kwa mwanawe mwenyewe, siku ya maziko yake.

Iko na nyengine mfano wake. Uthman bin Madh'un alipofariki Madina, naye ni katika Muhajirina wa mwanzo, na Mtume s.a.w. alikuwa akimpenda mno, mwanamke mmoja wa Kiansari ambaye Uthman alikuwa akikaa nyumbani kwao alimshuhudia maiti kuwa Mwenyezi Mungu amekwisha kumkirimu. Mtume s.a.w. alimuuliza amejuaje hayo. Hakumkataza kumpenda wala kumtarajia kheri. Alimzuia kusema kwa yakini asiloliona. Na sisi leo, mtu hajatiwa kaburini, tumekwisha kumgawia daraja zake za Peponi kama tunaogawa sahani za biriani.

Basi utaniuliza, "Sheikh, kwani si tumeamrishwa tuwataje maiti wetu kwa mema?" Naam, tumeamrishwa, na nitairudia hoja hii kwani ndipo penye fundo. Lakini kwanza nikueleze kisa kimoja, kisije kikawa ni maneno ya kitabuni tu.

Kisa hiki ni cha nyumba yetu. Sitamtaja mtu kwa jina, na wengi waliomo wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Aliye hai ambaye linamhusu zaidi ameniruhusu nikiandike, bali ndiye aliyenihimiza.

Baba yangu alikuwa na ndugu wawili wa baba na mama, mmoja mkubwa wake na mmoja mdogo. Huyu mdogo alikuwa karani wa jahazi. Zama zile majahazi ya Mombasa yakishuka kwa kaskazi kwenda Mafia na kwenye delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, na yakingojea kusi kurudi. Karani kazi yake ni kuhesabu, kuandika na kulipa. Mwaka 1954 alirudi kwa kusi, akashikwa na homa, akafariki nyumbani kwa mamake. Umri wake ulikuwa miaka 23. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa.

Nikakua nikimsikia. Kwa bibi yetu, mama mzaa baba, hakukuwa na kijana mfano wake: mpole, hajapata kuinua sauti, hajapata kumkhalifu mamake hata kwa neno. Na kila masimulizi yakimalizika kwa maneno haya: "Alikufa kijana masikini, hata mke hakuoa." Akina mama waliokuwapo wakijifuta machozi. Mimi mtoto nilikuwa nikiona kuwa kufa hujaoa ndio utukufu mkubwa kabisa.

Bibi alifariki mwaka 1971, na ami yetu mkubwa mwaka 1982. Baada ya maziko yake baba alilifungua kasha la mbao lililokuwa chini ya kitanda chake, atafute hati za shamba. Ndani ya kitabu, baina ya kurasa, akakuta barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Ilikuwa imetoka Mafia, mwaka ule ule wa 1954, kwa mwalimu wa kijiji. Ilieleza kwa adabu kuwa habari za msiba zimewafikia kwa mabaharia, wanawapa pole, na kwamba mjane wa marehemu yuko edani kwa baba yake, naye ni mja mzito.

Marehemu alioa. Alioa kwa walii, mashahidi wawili na mahari, mbele ya mwalimu yule. Hakuwa amemweleza mamake, kwa kuwa mamake alikwisha kumposea binti wa ukoo wetu, na bila shaka alikuwa akitafuta wakati mzuri wa kulisema. Wakati huo hakuupata. Ami mkubwa aliipokea barua, akaisoma, akaitia kitabuni, na mali ikagawanywa kwa watu watatu, mama na ndugu wawili. Baba hakuambiwa kitu.

Sasa, Ndugu Msomaji, nipe ruhusa nifungue kidogo mlango wa faraidh, kwani pasipo hesabu mtu hudhani haya ni mambo ya hisia tu. Tuseme, ili hesabu iwe nyepesi, kwamba mali yote ya marehemu ilikuwa minazi 24. Mtu akifa akaacha mke, binti, mama na ndugu wawili wa kiume, mke ana thumuni, yaani minazi 3. Binti ana nusu, minazi 12. Mama ana sudusi, minazi 4. Hubaki 5, na hiyo ndiyo ya ndugu, kila mmoja miwili na nusu. Wala usiseme kuwa binti alikuwa bado tumboni, kwani ulamaa wamekwisha kulieleza hilo: mimba huwekewa fungu lake mpaka izaliwe, na ikizaliwa hai hurithi. Lakini mtu akifa hakuacha mke wala mtoto, mama huchukua 4 yake ile ile kwa kuwa wako ndugu, na 20 iliyobaki ni ya ndugu, kila mmoja 10.

Basi yale maneno matamu ya "hata mke hakuoa" yalikuwa na uzito wa minazi 15. Mitatu ya mjane na kumi na miwili ya yatima. Kila tulipoyasema barazani na machozi yakitutoka, tulikuwa tukiutia muhuri mgawanyo ule upya. Sisi watoto hatukujua, na bibi hakujua, na baba hakujua, lakini maneno yalikuwa yakifanya kazi yake.

Hiyo ni mali. Yako yaliyo makubwa kuliko mali. Bibi aliishi miaka 17 baada ya msiba ule akimlilia mwanawe. Na muda wote huo, safari ya siku chache kwa tanga, alikuwapo mtoto wa kike mwenye uso wa mwanawe, akipaa samaki na kusoma juzuu. Kwa mali ya bibi mjukuu yule asingelirithi, maana watoto wa kiume wa bibi wapo na wangelimzuia, lakini bibi angeliweza kumuusia kitu katika thuluthi yake, na angeliweza kumpakata. Ami mkubwa alidhani anamsitiri ndugu yake na kumpumzisha mama asijue kuwa mwanawe alimficha. Huenda nia yake ilikuwa hiyo kweli, na nia za watu anazijua Mola wao. Lakini alichomnyima mamake ni kikubwa kuliko alichompa.

Baba alipowakusanya watu wa ukoo na kuwasomea barua, mjane wa ami mkubwa alisema neno ambalo nimelisikia tena katika nyumba nyingi ninazoitwa kusuluhisha. Alisema, "Mnataka kumvunjia jina maiti? Amelala miaka yote hii kwa heshima yake." Hilo ndilo lile fundo niliyokuahidi.

Naam, tumefundishwa kuwataja maiti kwa mema. Mwosha maiti akiona katika mwili jambo la kuchukiza, ni juu yake kulificha, na ana thawabu kubwa kwa kulificha. Ndugu yako akifa, nawe unajua kuwa alikuwa mvivu wa Sala ya Alfajiri, au aliteleza usiku mmoja pasipo kuonekana na mtu, hilo halina njia ya kutoka kinywani mwako. Ni baina yake na Mwenyezi Mungu, na Mwenyezi Mungu hahitaji karani wa kumkumbusha. Huko ndiko kusitiri. Lakini tazama tena jambo jengine. Jeneza lilipokuwa likiletwa mbele ya Mtume s.a.w. asaliwe, zama za mwanzo, alikuwa akiuliza kwanza kama maiti yule ana deni. Aliletwa mtu mwenye deni lisilokuwa na malipo, akawaambia Masahaba wamsalie wao, mpaka Abu Qatada r.a. aliposema kuwa deni lile liko juu yake, ndipo akamsalia. Baadaye Mwenyezi Mungu alipompa wasaa, akawa akiwalipia yeye mwenyewe.

Je, swali lile lilikuwa ni kumvunjia jina maiti? Liliulizwa hadharani, mbele ya jeneza, mbele ya watoto wake. Haliwezi kuwa ni kuvunja heshima, kwani aliyeliuliza ndiye aliyetufundisha heshima. Hapo unaona mpaka ulipo. La baina ya maiti na Mola wake hufunikwa. La baina ya maiti na watu halifunikwi, kwa sababu si lake peke yake tena, lina mwenyewe mwengine aliye hai, na kulifunika ni kumnyang'anya huyo. Ukimsifu marehemu kwa ukarimu usimjumlishie na wavu wa jirani aliouazima akafa nao. Urudishe wavu, kisha msifu.

Baba alimjibu yule mama kwa upole, maana alikuwa ni mkubwa wake: "Shemegi, kwa marehemu hapana aibu. Alioa kama wanavyooa Waislamu. Aibu ni yetu sisi tuliokula."

Wala usidhani mambo yalinyooka kwa neno hilo. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1977, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Tulikwenda mwaka 1984, baba na mimi, tukapita Dar es Salaam na tukavuka kwa chombo hadi Kilindoni. Mjane tulimkuta amekwisha kufariki, miaka mitano nyuma. Aliolewa tena, akazaa watoto wengine, na wote hao sasa walikuwa na haki katika ile thumuni yake. (Wanafunzi wangu huuogopa mlango huu wa fungu kuhamia kwa warithi wa mrithi. Nami huwaambia kuwa kila mwaka mnaochelewesha mirathi mnaongeza ukurasa mmoja katika hesabu.) Binti alikuwa na miaka 29, ameolewa, ana watoto wanne. Baba alikuwa amepokea mafungu kumi na haki yake ni mawili na nusu, basi alirudisha saba na nusu, na ili kuyatimiza aliuza kipande chake mwenyewe. Watoto wa ami mkubwa walikuwa wamekwisha kujenga juu ya shamba. Wawili walikubali kulipa kwa thamani. Mmoja alikataa, akisema kuwa yeye hakumdhulumu mtu, alikuta mali kwa baba yake. Alifariki hali hajalipa, na wanawe wakalimaliza mwaka 1996 bila ya kulazimishwa na mtu. Haki ya mtu haifi kwa kukaa, lakini humchosha kila anayeirithi.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa kuwa ndilo ninalolijua kwa macho yangu. Lakini msomaji wangu wa leo huenda ana msiba wa namna nyengine, nao ni mgumu zaidi kuuhukumu. Katika miaka hii ya karibuni miji yetu imezika vijana wengi waliouliwa na unga. Nyumba hizo hazimtungii maiti sifa, humfanyia kinyume chake: hawamtaji kabisa. Picha imegeuzwa, nguo zimetolewa sadaka usiku, na akiulizwa mama husema, "Alikuwa akiumwa." Je, tumwambie mama yule aseme?

Mimi naona asilazimishwe. Kosa lile katika asili yake ni la mtu na Mola wake, na barazani halina kazi ila kunenepesha masengenyo. Lakini ndani ya nyumba wako wadogo zake, na njia aliyoipita yeye iko pale pale nje ya mlango. Kumwambia mdogo wa miaka kumi na minne kuwa kaka yake aliumwa tu, hali yule aliyemwuzia kaka ndiye anayemsalimia mdogo kila jioni, hilo silioni kuwa ni kusitiri. Hapo baba au mjomba amchukue kijana faraghani, amweleze yaliyokuwa, bila ya kumlaani maiti na bila ya kumpamba. Na amweleze pia mazuri yake, kwa sababu kijana yule hakuwa unga peke yake. Alikuwa akimbebea maji bibi yake, au akijua kutengeneza redio, au akisoma Maulidi kwa sauti nzuri. Kumfuta mzima mzima kwa ajili ya mwisho wake ni uwongo kama ule wa kumfanya malaika. Na kama ameacha mtoto popote, mtoto huyo ni wenu, na deni alilokopa kwa jirani ni deni.

Ukitaka kujua Masahaba waliwakumbukaje watu wao, mtazame Jabir bin Abdillah r.a. Baba yake aliuawa Uhud mwaka wa 3 wa Hijra, akamwachia madeni mengi na dada wadogo. Jabir alikuwa bado kijana. Hakukaa akamtungia baba yake masimulizi, ingawa alikuwa na haki ya kujifakhiri kwa baba shahidi. Alikwenda kwa wadai akazungumza nao, mpaka Mtume s.a.w. akaja akasimama kwenye tende zake, zikapimwa, madeni yakalipwa yote na tende zikabaki. Na alipooa alimchagua mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, akaeleza sababu yake: hakutaka kuwaletea dada zake msichana mwenzao, alitaka mwenye kuweza kuwachana nywele na kuwaangalia. Na Mtume s.a.w. mwenyewe, miaka mingi baada ya kufa kwa Bibi Khadija r.a., akichinja mbuzi hukata vipande akawapelekea rafiki zake Khadija. Kwa hiyo ukitaka kumkumbuka maiti wako, tafuta kwanza watu wake wako wapi.

Kuhusu khitma na arobaini sitaingia humo leo, kwani wino mwingi umekwisha kumwagwa na kila mmoja anajua msimamo wa mwenziwe.

Nirudi kwa dada yangu, maana binti wa ami kwetu ni dada. Alikuja Mombasa kwa mara ya kwanza mwaka 1985. Sisi tulikuwa tumejitayarisha kwa maswali ya mali, baba ameziweka hati zote juu ya meza. Yeye aliziangalia kidogo akazisukuma, akauliza, "Baba yangu alikuwa mtu wa namna gani?"

Tukatazamana. Nyumba ile ilikuwa imemtaja mtu yule kila mwezi kwa miaka thelathini na moja, na tulipoulizwa hatukuwa na cha kujibu. Mpole. Mwema. Hakuwahi kumkhalifu mamake. Alitusikiliza kwa adabu, lakini uso wake ulionyesha kuwa haya angeliweza kuyasema yeye mwenyewe juu ya mtu yeyote aliyekufa. Baba alikumbuka kidogo, kuwa alikuwa akipenda samaki wa kupaka, na akilala kwa ubavu wa kushoto. Mengine yote yalikwisha kufunikwa na sifa, hata yeye nduguye hakuweza kuyafikia tena.

Baba akampeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa baharia katika jahazi lile, naye alikuwa hai bado, macho yameingia ukungu lakini ulimi ni mzima. Mzee yule alicheka alipoambiwa huyu ni nani. Akasema, "Babako? Babako alikuwa na hasira!" Akaeleza kuwa boriti wakizihesabu kwa korija, ishirini ishirini, na mtu akimsemesha karani katikati ya hesabu, karani hutupa daftari chini akaanza tangu mwanzo, na nahodha mzima akinyamaza kimya mpaka amalize. Akaeleza kuwa usiku wa dharuba alikuwa akishika kamba kwa mikono miwili na macho ameyafumba, baharia kwa jina tu. Na safari ile ya mwisho, kabla ya kung'oa nanga, alirudi pwani mara mbili, mara ya kwanza kwa kisingizio cha kalamu, mara ya pili bila ya kisingizio.

Dada yangu alikuwa akilia na kucheka pamoja. Akasema, "Basi ile hasira ninayo mimi."

Baba alikuwa na karatasi ya nasaba, ameirithi kwa baba yake, imekunjwa ndani ya juzuu. Chini ya jina la ndugu yake palikuwa pameandikwa maneno mawili, hana kizazi. Usiku ule aliitoa, akapiga mstari juu ya maneno yale, akaandika jina la mke, la binti, na la watoto wa binti mmoja mmoja. Nafasi haikutosha, kwani karatasi haikukadiriwa watu wale, basi majina mawili ya mwisho yamekwenda pembezoni, yameandikwa wima, na mtu akitaka kuyasoma lazima aigeuze karatasi.